Safari Hii Nitaizima kwa Adabu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba usinicheleweshe, maana daktari wangu ni mtu mpole asiyependa kutaja miezi, lakini juzi alipomaliza kunisikiliza kifua aliniuliza kama mambo yangu yote yako sawa nyumbani, na mtu aliyesomesha miaka thelathini na minne anajua swali la mtihani hata likiulizwa kwa upole. Nina miaka themanini na mmoja. Moyo umechoka, miguu inavimba, ngazi nne za barazani nazipanda kwa awamu mbili. Akili iko sawasawa, namshukuru Mungu, na ndiyo inayonitesa.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia. Nalitaja mapema kwa sababu bila hilo kosa langu lingekuwa dogo.

Juu ya meza ya kulia chakula hapa kwa binti yangu kuna kompyuta ambayo bado haijawa kompyuta. Naiunda mwenyewe tangu mwezi wa pili, kipande kwa kipande, kadiri pensheni inavyoruhusu: kasha lenye mkwaruzo ubavuni, ubao mkubwa ambao vipande vyote hushikamana nao, prosesa, ndiyo ubongo wake, iliyong'olewa kwenye mashine ya ofisi iliyofungwa, ramu mbili za kumbukumbu zisizo ndugu lakini zinazoelewana, na feni niliyoisugua kwa mswaki wa zamani mpaka ikarudisha rangi yake. Mikono inatetemeka, kwa hiyo skrubu nazishika kwa kibano cha nyusi cha binti yangu, na moja ikianguka nasubiri mtu arudi nyumbani aniokotee. Binti yangu ni mshonaji, cherehani yake iko upande wa pili wa meza hiyo hiyo, na amenivumilia kupita kiasi. Ananiambia kompyuta mpakato za mitumba zimejaa mjini, unaifungua tu kama kitabu, sasa mimi nimekalia kuunda ndege kwenye meza ya watu wanaokula. Siku moja alikuta skrubu ndani ya bakuli la sukari, akasema nikimeza moja nitakuwa mzee wa kwanza kutafutwa kwa sumaku. Nilicheka mpaka nikakohoa. Lakini sikumwambia kwa nini ni lazima iwe ya kuunda, na kwa nini ni lazima niiunde mimi.

Kompyuta hii ni ya dada yangu.

Ni mdogo wangu kwa miaka saba, na anakaa ng'ambo ya barabara, mlango wa kijani, nauona kutoka kwenye kiti hiki ninachoandikia. Alikuwa mkunga. Aliingia wadi ya wazazi akiwa na miaka ishirini na miwili, na kila mkunga mzee aliyemkuta alimkalia kitako akamuuliza, kisha akayaandika aliyoambiwa na aliyoyaona mwenyewe: namna kiganja kinavyojua mtoto amegeuka, neno la kumwambia mzazi wa mara ya kwanza anayeuma meno na kukataa kupumua, wakati wa kungoja na wakati wa kumkimbilia daktari bila kuona haya. Yalifika madaftari kumi na tisa. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba hicho ni kitabu, na kwamba kitabu huandikwa kwa kompyuta, na kwa kuwa mimi ndiye msomi wa ukoo na neno langu halikuwa likirudishwa, alikubali. Fedha za kununua mashine mpya hatukuwa nazo, nikasema nitamuundia. Akaandika kwa vidole viwili kwa muda wa miaka sita. Daftari la mwisho lilipoingia nikamwambia karatasi za nini tena, zinaalika mchwa, yote yamo kwenye mashine. Tukayachoma uani. Kiberiti nilishika mimi.

Sasa nifike penyewe. Mashine ile nilipoiunda nilichagua kila kipande kwa makini isipokuwa kimoja, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawia vipande vingine kwa kipimo, mafundi wanakiita pawasaplai. Nilikiacha mwisho, na mwishoni mfuko ulikuwa umelegea. Muuzaji akaniwekea viwili mezani, cha bei kali na cha bei rahisi. Siku zile sokoni kulikuwa na kanuni moja iliyoheshimiwa kuliko maandishi ya kwenye kasha: pima kwa mkono, kizito kina shaba ndani, chepesi kina hewa. Nikavipima kama mtu anayechagua tikiti. Cha bei rahisi kilikuwa kizito zaidi. Nikakichukua, nikashuka ngazi nikijisifu kwamba nimemshinda muuzaji.

Miaka sita baadaye, si zaidi ya mwezi mmoja tangu tuyachome madaftari, umeme wa mtaa ulififia, ukakatika, ukarudi kwa hasira. Taa zilipoanza kufifia mdogo wangu aliinuka akabonyeza kitufe cha kuzimia, akidhani anaiokoa mashine. Alikuja kuniita, nikakuta harufu ya kuungua. Akaenda jikoni kuchemsha chai, nami nikafungua kisanduku kile nikiwa peke yangu chumbani kwake. Waya za ndani zilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea. Mahali pa kile kipande cha kuzuia umeme mkali palikuwa na matundu matupu. Na kando yake, kimegandishwa kwa gundi, kulikuwa na kipande cha zege. Zege, mshauri. Mtu aliyewafundisha watoto wa watu kwamba uzito ni kitu kimoja na nguvu ni kitu kingine, alikuwa amenunua zege.

Akaingia na chai. Hakuuliza mashine imekuwaje. Aliuliza, "Kaka, nimefanya nini?"

Nikamjibu, "Uliizima vibaya."

Maneno mawili tu. Nilikuwa nimeshafunika kisanduku. Aliiweka chini sinia, akautazama mkono wake wa kulia, na mimi nikanywa chai yake.

Diski iliyokuwa na kitabu niliing'oa, nikamwambia imekufa, nitaitupa. Sikuitupa. Niliogopa hata kuitupa, maana fundi yeyote ambaye angeiokota angeona alama za kuungua na kusema huu ni umeme, si kitufe. Kwa hiyo niliivika soksi nikaiweka ndani ya droo yangu, na nimehama nayo nyumba mbili.

Ningependa kukuambia kwamba yaliishia hapo. Tangu siku ile mdogo wangu hagusi mashine. Redio huwashiwa na jirani. Simu hupokea tu, hapigi. Wadi yao ilipoletewa kompyuta za kuandikisha watoto wanaozaliwa, aliomba kustaafu, akiwa bado ana miaka mitatu ya kazi. Muuguzi mkuu alikuja nyumbani kwangu, akaniomba kama kaka mkubwa nimshawishi abaki, akasema mdogo wangu amemwambia kwamba mkono wake mwenyewe una kisirani. Mkono huo, mshauri, uliowapokea watu ambao leo wana wajukuu. Na mimi nikamwambia muuguzi mkuu kwamba mdogo wangu ni mkaidi tangu utotoni, nikamsindikiza hadi mlangoni.

Imepita miaka kumi na saba.

Mwezi wa kwanza mwaka huu alivuka barabara asubuhi, akaketi hapa kama mtu anayekuja kuposa. Kisha akasema, "Kaka, nimeanza kusahau. Nitafutie kompyuta nijaribu tena kabla hayajanitoka yote. Safari hii nitaizima kwa adabu."

Nilisema sawa.

Nikaenda kwa fundi mmoja wa ghorofani, mama mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, nikanunua kwake vipande vya kwanza, na katika maongezi nikamuuliza habari za diski iliyopigwa na umeme, kama kisa cha jamaa yangu. Akasema, "Mzee, mara nyingi kinachoungua ni ule ubao mdogo wa chini. Sahani za ndani, zenye maandishi, hazina hata habari kwamba kulikuwa na moto. Diski haziuawi na umeme kama zinavyouawa na wenyewe kuzitupa." Akaniuliza kama jamaa yangu bado anayo. Nikasema nitamuuliza. Akaishusha ile miwani ya kichwani, akanitazama kwa zote mbili.

Kwa hiyo inawezekana kitabu cha mdogo wangu kimekuwa hai miaka yote hii ndani ya soksi yangu, na kilichokifunga humo si zege, ni mimi.

Kompyuta imebaki kisanduku cha umeme. Nimekwenda dukani mara tatu, nanyanyua vile visanduku na kuvirudisha, mikono inakumbuka. Na nimejibana mwenyewe, kwa sababu niliona haya kumpa kitu kidogo nikamnunulia kadi kubwa ya picha, ambayo fundi aliponiuliza ni ya nani nikasema ya mkunga wa miaka sabini na minne, akasema huyo mkunga lazima awe anacheza sana michezo ya vita.

Swali langu ni hili. Naweza kumpa fundi diski kimyakimya, kitabu kikitoka nikakiweka ndani ya mashine mpya, nikamwambia mdogo wangu kwamba nimekuta nakala kwenye flashi ya zamani. Atapata kitabu chake, na mimi nitakufa nikiwa bado kaka yake. Au nimwambie kweli, na kama diski imekufa kabisa, nitakuwa nimemwibia mara ya pili, safari hii nikimwachia chuki badala ya kitabu na sitakuwepo kuibeba. Je, ni dhambi kumrudishia mtu chake kwa uongo? Mimi naelekea kwenye flashi. Nakuandikia labda unizuie.

Mdogo wangu husoma ukurasa wako kila Jumamosi. Majibu yanayompendeza huyakata kwa mkasi na kuyabandika ndani ya mlango wa kabati. Sijui kwa nini nimekuambia hilo. Anwani na namba ya simu ya nyumbani ziko nyuma ya bahasha.

Ni mimi mwalimu mstaafu, mnunuzi wa zege.

JIBU

Shikamoo, mwalimu. Na baada ya shikamoo naomba ruhusa ya kukugombeza, kwa kuwa umri wako nauheshimu lakini soksi yako siiheshimu.

Tuanze na zege tulimalize. Ulitapeliwa, kama soko zima lilivyotapeliwa, na aliyelibandika humo alijua kabisa kwamba watu mnapima kwa mkono. Hilo nimekusamehe kabla hujaomba. Usimpelekee dada yako hadithi ya zege kana kwamba ndiyo dhambi. Atakusamehe haraka mno, utarudi nyumbani na dhambi yenyewe mfukoni. Dhambi ni maneno mawili uliyomwambia, na ile siku uliyomsindikiza muuguzi mkuu hadi mlangoni.

Unaniuliza kuhusu flashi. Sasa fikiri kama mwalimu. Kitabu kitarudi, vizuri, na kila jioni dada yako atainuka kuizima mashine kwa adabu, pumzi ameishika, akiogopa kosa ambalo hakulifanya. Utakuwa umemrudishia kitabu, na kisirani umemwachia. Wewe unadhani alipoteza kitabu. Alipoteza mkono, mwalimu. Kitabu ndicho chepesi kati ya hivyo viwili, na wewe, samahani, bado unapima kwa uzito usio wake.

Na hilo usilolijua kwa nini umeniambia, mimi nalijua. Umeniletea barua ambayo mwenyewe anakaa ng'ambo ya barabara. Ulitumaini Jumamosi moja ataisoma, atautambua mkono wake humu, na wewe utakuwa umeungama bila kuvuka. Mimi si tarishi wako.

Sasa sikiliza ufanye hivi. Nenda kesho asubuhi, kabla mashine haijakamilika. Usibebe zawadi, kwa sababu mtu mwenye zawadi mapajani hawezi kukasirika, na dada yako ana hasira ya miaka kumi na saba anayostahili kuitoa. Beba soksi peke yake. Mwambie, "Hukuizima vibaya. Nilikudanganya." Uanze na hayo, mengine yafuate. Halafu nyamaza. Moyo wako usiutaje, wala daktari, wala miguu. Mgonjwa anayeungama humziba mdomo anayemsikiliza. Akikufukuza, ondoka, na kesho yake urudi. Ulipanda ngazi za ghorofani kwa fundi kutafuta feni, barabara moja haitakushinda.

Diski ni yake. Mpe mkononi, yeye ndiye aamue ipelekwe au isipelekwe. Ikipelekwa, nendeni wote wawili kwa yule fundi wa miwani mbili, ambaye kwa maoni yangu alishajua jamaa yako ni nani. Wewe usiichomeke popote, hata kwa kujaribu tu. Na kama imekufa kweli, hukumwibia mara ya pili. Utakuwa umemwambia kweli, na ana kichwa ambacho bado kinakumbuka mengi, na kaka mwenye masikio. Akae aandike kwa vidole vyake viwili, wewe kaa kando yake umuulize, kama yeye alivyowauliza wakunga wake.

Kadi ya picha irudishe au iuze. Mkunga hapigani vita. Fedha hiyo nunua kisanduku cha umeme ambacho fundi wako yuko tayari kukitumia nyumbani kwake mwenyewe, muulize hivyo hivyo na umtazame usoni akijibu, na kinachobaki weka kwenye betri ya kuishika mashine umeme unapokatika. Kasha lenye mkwaruzo linatosha. Skrini ya mitumba inatosha. Kompyuta ya fedha kidogo ubane kokote utakako, ila pale umeme unapoingilia usibane tena. Chochote kitakachoandikwa kiwe na nakala mbili nje ya mashine, moja kwake na moja kwa binti yako. Na binti yako naye umwambie. Amekula chakula na skrubu tangu mwezi wa pili, ana haki ya kujua.

Limebaki jaribio moja, kwa kuwa miaka thelathini na minne ulifundisha kwa majaribio. Siku mashine itakapowaka, nakala zikiwa zimeshatolewa, mkalishe dada yako mbele yake. Aiwashe mwenyewe. Akimaliza kushangaa, mwambie aizime vibaya. Asitumie kitufe wala adabu. Aushike waya wa mashine kwa ule mkono wa kulia, auchomoe kwenye ile betri. Mkanywe chai. Kisha auchomeke tena na kuiwasha, na wewe usiguse kitu. Mashine itawaka, italalamika kidogo kama mtu aliyeamshwa vibaya, na itaendelea na kazi. Mwache aitazame muda atakao. Maelezo ya mwalimu hayatahitajika.

Jibu hili nakutumia wewe kwanza, kwa bahasha. Barua yako nimeifungia kwenye droo ya meza yangu, bila soksi, na haitatoka gazetini mpaka unipigie wewe mwenyewe, kisha umpe simu dada yako nimsikie akisema ruksa. Kwa hiyo atakayeikuta imechapishwa hapa Jumamosi yoyote, ajue kwamba mwalimu alivuka barabara, na kwamba ruhusa imetolewa na mkunga.